Kipimo kimeona kingamwili. Mbona basi hazitulindi?

MtuWaSlaidi (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa, na habari za jioni kwa wote.

Kuna swali naliona likijibiwa nusunusu kila siku. Mtu anatobolewa kidole apimwe VVU, anaambiwa kipimo hiki hakitafuti kirusi chenyewe, kinatafuta kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi yake. Mwenye kufikiri anauliza hapo hapo: kumbe mwili wangu umeshajikinga? Aliyeugua surua akapona haugui tena, na kinachomlinda ni kingamwili. Kwa nini kwenye VVU kuwa nazo ndiyo habari mbaya?

Mie ni mtu wa maabara tu hapa Unguja, si daktari wala mtafiti. Ila kwa nilivyosoma, anayelijibu swali hili sawasawa ameshaeleza na lile jengine kubwa: kwa nini hatuna chanjo mpaka leo, ilhali wagonjwa wa mwanzo waligunduliwa Zanzibar tangu 1986. Yote mawili yanaishia kwenye protini moja.

Kirusi cha UKIMWI kwa nje kimefunikwa na utando wa mafuta ambao kimeuchukua kwetu sisi, kwenye seli kilimozaliwa. Juu ya utando huo kuna protini moja tu iliyo yake, protini ya ganda, vitabuni utaikuta kwa jina la Env. Huanza kama kipande kirefu, gp160, halafu kimeng'enya cha seli yetu kiitwacho furini hukikata pawili. Cha juu ni gp120, cha chini kilichochomekwa kwenye utando ni gp41. Jozi tatu za hivyo zikishikana ndiyo mwiba mmoja.

Mwiba huo ndio unaoingiza kirusi. gp120 inashika CD4, protini iliyo juu ya baadhi ya seli zetu za kinga (ndiyo maana seli hizo ndizo zinazohesabiwa CTC, kliniki ya VVU), ikishaishika inajikunjua na kutoa sehemu iliyokuwa imefichwa, na kwa sehemu hiyo inashika kitu cha pili juu ya seli, mara nyingi CCR5. Hapo gp41 inafyatuka, inachoma utando wa seli, inajikunja na kuvuta tando mbili mpaka zinakuwa moja. Yaliyomo ndani ya kirusi yanaingia kwenye seli, na baadaye jeni zake zinajishona kwenye DNA yetu. Zikishajishona hapo, ARV zinaweza kuzinyamazisha lakini haziziondoi.

Sasa, kingamwili ya kuzuia kirusi kisiingie haina pa kushika ila mwiba huo. Protini nyengine zote za VVU zimo ndani ya utando.

Na mwiba haushikiki kirahisi. Kirusi cha mafua kina miiba kwa mamia, cha UKIMWI kina wastani wa kama 14 tu. Kingamwili ina mikono miwili na hushika kwa nguvu pale yote miwili inapopata kitu. Hapa miiba imeachana mno, mkono mmoja unashika na wa pili unaelea. Isitoshe, karibu nusu ya uzito wa gp120 ni sukari iliyobandikwa juu yake, na kinga haina hamu nayo.

Halafu kuna hili, ambalo ndilo jibu la swali la mwanzo. Sehemu ya miiba ni mibovu. gp120 hazikufungwa kwa nguvu, nyengine hudondoka, gp41 zinabaki peke yake. Nyengine hazikukatwa vizuri tangu mwanzo. Mwili unaviona vipande hivyo vibovu vizuri kuliko unavyouona mwiba mzima, na unavitengenezea kingamwili tele. Hizo ndizo zinazonaswa na kipimo. Vipimo vingi vya haraka vimewekewa vipande vya gp41 makusudi, kwa sababu karibu kila aliyeambukizwa ana kingamwili zake. Kwa kupimia hazina mfano. Kwa kukizuia kirusi chenye mwiba mzima hazifanyi kitu.

Karibuni maswali.

KarafuuYaWete

Nafuatilia kutoka Pemba. Mie ntu wa shamba, sayansi niliiacha skuli, lakini hapo kwenye sukari umepita mbio. Hiyo sukari kirusi kaipata wapi, na kwa nini mwili usiishambulie?

MtuWaSlaidi

Karafuu, umegusa penyewe. Kirusi hakina kiwanda cha sukari. Env inapotengenezwa ndani ya seli yetu, seli inaibandika sukari zake kama inavyozibandika protini zetu nyengine. Kila gp120 ina sehemu kama 25 za kubandikiwa, na mwiba mmoja una gp120 tatu, jumlisha mwenyewe. Ni mwizi aliyetoka chumbani amevaa kanzu na kofia ya mwenye nyumba, mlinzi mlangoni anamwamkia. Kinga yetu imefundwa tangu utotoni isishambulie kilicho chetu.

Na kirusi hakitulii. Kimeng'enya kinachonakili jeni zake hukosea sana, na makosa mengine yanahamisha sukari kutoka sehemu moja ya gp120 kwenda nyengine. Mwili ukishapata kingamwili inayopenya pale palipokuwa wazi, miezi michache baadaye inakuta pamefunikwa. Kingamwili mpya inatengenezwa, kirusi kimeshahama tena. Watafiti walishapiga hesabu wakaona kuwa tofauti za VVU ndani ya mtu mmoja aliyekaa nayo kama miaka sita zinakaribia tofauti za virusi vya mafua vya dunia nzima kwa mwaka.

Nahodha77

Mie naona tunazungushwa tu. Covid chanjo ndani ya mwaka mmoja. UKIMWI miaka arubaini, eti sukari. Wenye viwanda wanauza dawa kila mwezi, chanjo ya nini? Wanayo, wameificha.

DarajaBovu

😂 Nahodha umerudi na yako. Ila na mie nina suali kama hilo kwa upande mwengine. Hapa kwetu chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa 2009, Unguja na Pemba, dozi mbili, na utafiti ukaonesha imekinga mpaka majirani ambao hawakunywa. Ile ilifanya kazi. Hii ina nini?

MtuWaSlaidi

Nawajibu pamoja.

Mtengeneza chanjo kwa kawaida huiga. Mtu akiugua surua, kipindupindu au Covid, mara nyingi mwili wake wenyewe unakishinda kijidudu baada ya siku au wiki kadhaa. Kazi ya chanjo ni kuupitisha mwili njia hiyo hiyo bila ya kuuguza. Kwa VVU karibu hakuna aliyepona kwa kinga yake ukasema tumuige huyu. Timothy Ray Brown, yule "mgonjwa wa Berlin", alipona baada ya kupandikizwa uboho mwaka 2007 kutoka kwa mtu ambaye seli zake hazina CCR5 inayofanya kazi. Mwiba ukakosa kitu cha pili cha kushika. Lakini uboho huo alipewa kwa sababu alikuwa na saratani ya damu, na upandikizaji wenyewe unaweza kuua. Hiyo si chanjo ya kumpa mtoto wa skuli.

Na muda ni mdogo. Kipindupindu kikiingia, kinga ina nafasi ya kukimbizana nacho. VVU vikishajishona kwenye DNA za seli chache tu, mchezo umekwisha. Kwa hiyo kingamwili lazima ziwepo mlangoni kabla, nyingi, na zilizo sahihi.

Nahodha, kuhusu kuficha. Merck, ambaye anauza ARV, alitia fedha zake kwenye chanjo, na mwaka 2007 jaribio likasimamishwa dunia nzima ikiona. Ile haikuwa na Env ndani yake kabisa, ilitegemea seli T, seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa, siyo kingamwili. Johnson & Johnson walifanya jaribio la Imbokodo kwa wasichana wa nchi tano za kusini mwa Afrika, ikafeli 2021. Ndugu yake Mosaico akasimamishwa Januari 2023. Mwenye kitu cha kuficha hatangazi hasara ya namna hiyo mbele ya wanahisa wake.

Nahodha77

Haya, nimesikia. Sijasema nimekubali.

BintiMchangani

Mada nzuri sana. Mie ninafanya ushauri nasaha, na nina jambo linalonisumbua. Kama chanjo inamfundisha mwili kutengeneza kingamwili za Env, na kipimo kinatafuta kingamwili za Env, si aliyechanjwa ataonekana ameambukizwa? Siku hizi wazee wengi wanataka vijana wapime kabla ya nikaha. Kijana wa watu aliyejitolea kwenye utafiti anakwenda kupima na mchumba wake, mistari miwili. Nani atamuamini?

MtuWaSlaidi

Dada Mchangani, hilo si la kufikirika, limetokea kwa watu wengi waliojitolea. Chanjo yenye Env inaweza kumfanya mtu asome chanya kwenye kipimo cha haraka, na hali hiyo inaweza kudumu miaka. Ndiyo maana wanaoshiriki huambiwa wapimwe na watafiti wenyewe, au kwa kipimo kinachotafuta jeni za kirusi, siyo kingamwili. Kwa aliyechanjwa, kirusi kisipoonekana huko, kwa kawaida hana VVU hata mistari iwe mitatu.

Dar es Salaam hili walilijua mapema. Jaribio la HIVIS03 kule Muhimbili lilichukua watu 60 wasio na VVU, wengi wao askari polisi. Walichomwa chanjo ya DNA kwanza, kisha MVA, kirusi kilichodhoofishwa kilichobeba vipande vya VVU. Kinga ilipatikana nzuri kwenye maabara, na vipimo vya kawaida vya kingamwili vikawasoma wengi wao chanya. Huwezi kumpa mtu sindano kama ile ukamuacha arudi mtaani bila ya karatasi ya kumtetea.

Kwenye ushauri nasaha ningeshauri swali moja liongezwe: umewahi kushiriki utafiti wa chanjo? Halichukui hata dakika.

Mwanafunzi_Tunguu

Ndugu mwanzisha uzi, umewasema walioshindwa, hukuwataja Wathailand. Jaribio lao la chanjo, RV144, watu 16,402, matokeo 2009: maambukizi yalipungua kwa asilimia 31.2. Na sehemu ya chanjo ile ilikuwa gp120 tupu, ile AIDSVAX ambayo peke yake ilishafeli 2003. Kumbe ikitanguliwa na sindano ya kirusi cha ndege kilichobeba vipande vya VVU, inafanya kitu. Halafu 2012 wakapata na dalili ya sababu: waliokuwa na kingamwili nyingi za kitanzi cha V1V2 cha gp120 waliambukizwa kidogo. Na kingamwili hizo hazikuwa za kuzuia kuingia! Zilishika tu, na inadhaniwa ziliita seli nyengine kuja kuua. Kwa hiyo hoja yako kwamba kingamwili za kushika bila kuzuia hazifanyi kitu, mie siikubali yote.

MtuWaSlaidi

Hoja yako ina uzito, Tunguu, na wengi waliisimamia. Lakini tazama kilichofuata. Walichukua mpango ule ule wa Thailand, wakaubadilisha uendane na aina C ya VVU inayotawala Afrika Kusini, wakaujaribu kwa watu zaidi ya 5,400. Jaribio likaitwa Uhambo. Februari 2020 wakalisimamisha: waliopewa chanjo halisi walioambukizwa ni 129, waliopewa sindano isiyo na dawa ni 123. Mie baada ya hapo sikuiamini tena ile 31. Labda Thailand maambukizi yalikuwa machache kiasi kwamba kinga dhaifu ilitosha, labda ilikuwa bahati. Vyovyote iwavyo, huwezi kujengea hapo.

Na la kwetu Afrika Mashariki ni PrEPVacc. Uganda, Afrika Kusini, na kwetu Tanzania, Mbeya na Dar es Salaam. Watu 1,512. Moja ya michanganyiko yake ilikuwa na AIDSVAX ile ile. Desemba 2023 walitangaza kuwa sindano za chanjo zimesimamishwa kwa sababu hakuna dalili itakinga.

DarajaBovu

Mbeya na Dar. Mbona visiwani hawaji? Utafiti si mgeni kwetu, pale Chake Chake tuna maabara ya Ivo de Carneri na tafiti zinafanyika. Au sisi si watu?

MtuWaSlaidi

Hapa usikasirike, yakhe, furahi. Ili ujue chanjo inakinga, lazima baadhi ya watu wasiochanjwa waambukizwe katika muda wa jaribio, halafu ulinganishe. Zanzibar maambukizi kwa jumla ya watu yako chini ya asilimia moja, na yamejikusanya zaidi kwenye makundi maalumu. Ungehitaji umati mkubwa na miaka mingi kupata jibu. Nyanda za Juu Kusini ndiko maambukizi yako juu, jibu linapatikana mapema.

Bi_Makunduchi

Wanangu, nimesoma kila kitu, miwani imenichosha. Nauliza moja. Hivi katika watu wote hawa wenye maradhi, hakuna hata mmoja ambaye mwili wake umeweza kuupata huo mwiba?

Mwanafunzi_Tunguu

Shikamoo bibi. Wapo, na ndio wanaotupa matumaini. Katika watu wanaoishi na VVU, wachache, baada ya miaka miwili mitatu au zaidi, hutengeneza kingamwili zinazozuia aina nyingi za VVU kwa mpigo. Hazimponyi mwenyewe, maana kirusi chake kimeshatangulia mbele. Lakini ukizichukua ukaziweka kwenye maabara zinavizuia virusi vya watu wengine, hata vya mabara mengine.

Mwaka 2009 zilipatikana mbili, PG9 na PG16, kwa Mwafrika mmoja aliyeishi na aina A. Zinashika kwenye ncha ya mwiba na, bibi, zinaishika ile sukari yenyewe! Mwaka uliofuata ikapatikana VRC01, inayoingia kwenye tundu la gp120 linaloshika CD4. Tundu hilo kirusi hakiwezi kulibadilisha sana, maana kikilibadilisha hakitaweza kuingia kwenye seli.

Kuna na mtu wa Malawi ambaye watafiti walimfuata tangu wiki za mwanzo za maambukizi, wakawa wanapima kirusi na kingamwili zake hatua kwa hatua. Kirusi kinageuka, kingamwili inageuka kukifuata, miaka. Kila mgeuko wa kirusi ulikuwa kama darasa jipya kwa kinga. Matokeo yalichapishwa 2013, na chanjo nyingi za sasa zinajaribu kuirudia safari ile kwa sindano zilizopangwa kwa mfuatano.

Bi_Makunduchi

Marahaba mwanangu. Sasa kwa nini wasiwachome watu hiyo kingamwili yenyewe moja kwa moja?

MtuWaSlaidi

Bibi umewawahi madaktari. Walifanya hivyo, na Tanzania ilikuwamo. Jaribio la AMP, zaidi ya watu 4,600 katika mabara matatu na zaidi, walitiwa VRC01 kwa dripu kila wiki nane. Majibu yalitoka Januari 2021. Kwa jumla halikupunguza maambukizi. Lakini walipovichambua virusi vilivyopenya, waliona kwamba vile ambavyo VRC01 inaviweza vizuri vilizuiwa kwa kama asilimia 75. Bahati mbaya vya namna hiyo vilikuwa kama asilimia 30 tu ya vilivyokuwa vikizunguka. Env za aina moja na nyengine za VVU zinaweza kutofautiana kwa hata asilimia 35, na Tanzania peke yake tuna A, C, D na michanganyiko yao.

Mie nalihesabu AMP kuwa jaribio muhimu kuliko yote niliyoyataja. Lilithibitisha kwa binadamu kwamba kingamwili sahihi ya Env inakinga. Kilichobaki ni kuufanya mwili uitengeneze wenyewe, na ziwe zaidi ya moja.

KarafuuYaWete

Sasa hapo ndo patamu. Wanaufanya vipi?

Mwanafunzi_Tunguu

Kwanza walihitaji mwiba mzima usiovunjika, wa kuufanyia kazi. gp120 tupu, kama ile ya AIDSVAX, inaonesha sehemu ambazo kwenye kirusi halisi zimefichwa, mwili unajifunza kitu kisichokuwapo. Mwaka 2013 walifanikiwa kuukaza mwiba usiachane, wakaupiga picha mpaka ngazi ya atomu. Huo mwiba unaitwa BG505 SOSIP, na Env yake ilitoka kwa kirusi cha mtoto mchanga wa Nairobi aliyezaliwa na mama mwenye VVU. Maabara za Marekani na Uholanzi zimejengea kazi yao kwenye kirusi cha jirani yetu hapa.

Pili, wanaanza na seli B changa (seli B ndizo zinazotengeneza kingamwili), zile ambazo siku moja zinaweza kuzaa kingamwili kama VRC01. Ni chache sana mwilini. Walitengeneza protini ndogo iitwayo eOD-GT8 kwa ajili ya kuzishtua hizo tu. Jaribio la kwanza, IAVI G001, lilitoa matokeo 2022: waliochanjwa 35 kati ya 36 seli hizo ziliamka. Baadaye wakaipeleka kwa mRNA, yaani sindano inayoupa mwili maelekezo ya kuitengeneza protini hiyo wenyewe, na jaribio moja likafanyika Rwanda na Afrika Kusini, matokeo 2025. Afrika nako seli ziliamka.

Lakini kuamka si kukinga. Hizo ni seli za darasa la kwanza, zinahitaji sindano ya pili, ya tatu, kila moja na Env iliyo tofauti kidogo, mpaka zifike. Na kwenye jaribio la Marekani la mRNA baadhi ya watu walipata vipele na mwasho wa ngozi, mmoja mmoja kwa muda mrefu, bado wanatafuta sababu.

MtuWaSlaidi

Na fedha. Mei 2025 Marekani ilisema haitaendelea kuyafadhili makundi mawili makubwa ya utafiti huu, la chuo kikuu cha Duke na la taasisi ya Scripps. Nahodha, ukitaka kitu cha kukasirikia, kipo hicho, wala hakikufichwa.

Nahodha77

Hilo nakubali. Sasa ile sindano ya kuchoma mara mbili kwa mwaka inayotangazwa, si ndiyo chanjo yenyewe? Nayo inakwenda kwenye mwiba?

BintiMchangani

Hiyo naijibu mie, naulizwa kila wiki. Si chanjo, ni dawa, inaitwa lenacapavir. Haiufundishi mwili kitu, ikimalizika mwilini kinga imekwisha, ndiyo maana inarudiwa kila miezi sita. Jaribio la Uganda na Afrika Kusini mwaka 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Na haigusi mwiba. Inashika kapsidi, lile kasha la ndani linalobeba jeni za kirusi, kwa hiyo sukari na vitanzi vyote tulivyovisema humu haviihusu. Kabla ya kuchomwa lazima upime kwanza uhakikishe huna VVU, na kondomu bado inahitajika kwa magonjwa mengine ya zinaa.

Nahodha77

Mara mbili kwa mwaka naweza. Asante Bi Mchangani.